Ua la Susanna

Katika kisiwa cha Ambon, miongoni mwa visiwa vya Maluku huko mashariki ya Indonesia, huota okidi ya ardhini yenye maua makubwa meupe, ambayo pande mbili za mdomo wake zimechanikachanika kama nyuzi za shada. Wataalamu wa mimea huiita kwa Kilatini Pecteilis susannae. Neno la pili katika jina hilo ni jina la mwanamke. Susanna hakuacha kitabu. Lililomweka katika kumbukumbu za ulimwengu ni ua hilo, pamoja na maneno machache ya mumewe, aliyeandika kwamba mkewe alikuwa mwenziwe wa kwanza katika kutafuta miti na majani, na kwamba ndiye aliyemwonyesha ua lenyewe. Maneno hayo yalipoandikwa, Susanna alikwisha kufa, na mumewe alikwisha kuwa kipofu.

Mume huyo ni Georg Eberhard Rumphius, Mjerumani aliyeishi Ambon karibu miaka 50 na kuzikwa huko mwaka 1702. Kisa chake chastahili kusimuliwa kwa watu wa visiwani, kwa kuwa ni kisa cha elimu ya kisiwa: jinsi inavyookotwa ufukweni na msituni, jinsi inavyopita mkono kwa mkono, jinsi inavyofungiwa na wenye mamlaka, na jinsi jina la mtu mmoja linavyokaa juu ya kazi ya watu wengi.

Katika karne ya 16 na ya 17, elimu ya vitu vya dunia ilikuwa bado haijagawanywa vyumba vyumba kama ilivyo leo. Mtu mmoja aliweza kuandika juu ya mawe, majani, samaki, milima, sarafu za kale na makaburi, yote katika kitabu kimoja, na asilaumiwe kwamba amevuka mpaka wa fani yake. Kigezo cha waandishi hao kilikuwa Pliny wa Roma, ambaye katika karne ya 1 aliandika vitabu 37 juu ya maumbile, akatia humo kila alichosoma na kila alichosikia. Matajiri wa Ulaya nao walitenga vyumba maalumu vya vitu vya ajabu: makombe ya baharini, pembe, vito, mamba waliokaushwa, mashoka ya kale. Sehemu kubwa ya vitu hivyo ilitoka ng'ambo, na aghalabu vilifika vikiwa mabubu. Aliyevinunua aliijua bei yake. Majina yake, mahali vilipookotwa na kazi iliyofanywa navyo vilibaki nyuma, kwa watu wa pwani vilikotoka.

Rumphius alizaliwa mwaka 1627 katika nchi ya Hesse. Ujanani mwake alijiandikisha kuwa askari akidhani anakwenda kuitumikia Venice, kumbe jahazi lilikuwa la kwenda Brazil; safari ile ikaishia Ureno, akakaa huko miaka kadhaa. Mwaka 1652 aliingia katika utumishi wa Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, na mwaka 1654 akafika Ambon. Alianza kwa bunduki na ramani za ngome, kisha akaomba kazi ya biashara, na kuanzia mwaka 1660 akawa mfanyabiashara wa Kampuni huko Hila, katika pwani ya kaskazini ya kisiwa, nchi ya Hitu.

Watu wa Hitu walikuwa Waislamu, wenye misikiti, masultani wa jirani na mahujaji. Miaka michache kabla ya hapo, mtu wao mmoja aitwaye Rijali alikwisha kuandika tarehe ya nchi yake kwa Kimalayu, kwa herufi za Kiarabu, kama washairi wa Pate, Lamu na Mombasa walivyokiandika Kiswahili. Kimalayu chenyewe, kama Kiswahili, kililelewa na bandari: lugha zote mbili zilipokea kutoka Kiarabu maneno kama dunia, kitabu, habari na wakati, na zote mbili zikawa ulimi wa wageni na wenyeji wanapokutana sokoni. Basi Rumphius hakufika mahali pasipo elimu. Alifika mahali ambapo kila jani lilikuwa na jina, na mara nyingi majina matano.

Busara yake ya kwanza ilikuwa kuyaandika majina hayo. Chini ya kila mmea alipanga majina yake ya Kilatini na Kiholanzi, kisha ya Kimalayu, ya Kiambon, ya Kijava, ya Kibali, ya Kimakassar, na mara kwa mara ya Kichina. Kisha akaeleza unapoota, unavyochanua, unaliwa vipi, unatibu nini, na nani anayesema hivyo. Kitabu chake kikubwa cha mimea, kiitwacho Herbarium Amboinense, kina maelezo ya mimea zaidi ya 1,200, na mmea wa kwanza kabisa ni mnazi. Mtu wa mwambao hahitaji kuelezwa sababu. Mti unaotoa dafu na tui, mbata na mafuta, tembo na siki, makuti ya paa, usumba wa kamba, kifuu cha upawa na kata, huo wastahili kukaa mbele ya safu. Msomi aliyekaa Ulaya angeanza na mti uliotajwa na Wayunani. Rumphius alianza na ule ambao watu waliomzunguka hawangeweza kuishi bila ya huo.

Mwaka 1670, akiwa na umri wa miaka 43 hivi, macho yalimzimika. Kazi ya kutazama majani haikupaswa kuendelea baada ya msiba kama huo, lakini iliendelea kwa zaidi ya miaka 30. Kampuni haikumfukuza, iliendelea kumlipa na ikampa waandishi. Alikuwa ameanza kuandika kwa Kilatini, lugha ya wanazuoni wa Ulaya. Sasa alilazimika kuimla kazi yake, na makarani wa Ambon hawakuwa na Kilatini, hivyo akaanza upya kwa Kiholanzi. Kuanzia hapo kila ukurasa ulipitia kinywani mwa mtu mmoja na mkononi mwa mwingine. Mimea aliijua kwa kuipapasa, kuinusa na kuionja, na kwa kuwauliza waliokuwa na macho. Kipofu asiyeuliza hana kitabu. Naye aliuliza mpaka kufa kwake.

Usiku wa tarehe 17 Februari 1674, Wachina wa mji wa Ambon walikuwa wakisherehekea mwaka wao mpya, na watu walitoka kutazama. Ardhi ikatetemeka. Susanna na binti yake waliangukiwa na ukuta, wakafa. Katika pwani ya Hitu, ambako familia ile ilikuwa imeishi miaka mingi, bahari ilipanda juu ya vijiji na kuvikokota. Waliokufa katika kisiwa na vile vya jirani walizidi 2,300. Mwaka uliofuata ilichapwa taarifa ya msiba huo, inayohesabiwa kuwa ni kazi ya Rumphius, inayokwenda kijiji baada ya kijiji ikieleza maji yalifika wapi na nani waliopotea. Wanasayansi wa leo wanaochunguza mawimbi makubwa ya bahari huitumia taarifa hiyo, kwa kuwa ndiyo maelezo kamili ya kale zaidi ya tsunami katika visiwa vya Indonesia. Mtu aliyefiwa na asiyeona alikusanya ushahidi wa walioona, akaupanga kwa utulivu ule ule aliopangia majani. Alipofika kwenye ua jeupe, ndipo alipomtaja mkewe.

Kando ya kitabu cha mimea, Rumphius aliandika kingine juu ya vitu vya ajabu vya Ambon, kwa jina la Kiholanzi D'Amboinsche Rariteitkamer. Sehemu ya kwanza ni ya kaa, kamba na jamaa zao. Ya pili ni ya kome na konokono wa baharini. Ya tatu ni ya mawe na madini na vyote vilivyodhaniwa kuwa vya jinsi hiyo. Sehemu hii ya tatu ndiyo inayomfunua zaidi, kwani humo elimu na uvumi vinakaa mkeka mmoja. Amemweka humo mestika, yaani vijiwe vinavyopatikana ndani ya matunda na wanyama, ambavyo watu wa visiwani waliviweka kwa bahati njema. Ameweka ambari, ile ambayo Al-Masudi, katika karne ya 10, aliisifu kwamba iliyo bora hutoka nchi ya Zanji. Asili ya ambari ilikuwa fumbo kwa wote. Wengine walisema ni kinyesi cha ndege, wengine ni lami inayochemka chini ya bahari, wengine ni kitu cha nyangumi. Rumphius alizipanga rai hizo pamoja. Jibu lilithibitika Ulaya mwaka 1783, miaka 81 baada ya kufa kwake: ambari hutokea katika matumbo ya yule nyangumi mwenye kichwa kikubwa anayekula ngisi. Wavuvi walioikuta na midomo ya ngisi imenasa ndani yake walikuwa wameushika ushahidi muda wote huo.

Ameweka pia mawe ya radi. Hayo yalikuwa mawe laini, yenye makali upande mmoja, yaliyofukuliwa mashambani au kukutwa chini ya miti, na watu wakasema yameshuka na umeme. Leo yanajulikana kuwa ni tezo na mashoka ya watu walioishi kabla ya chuma, yaliyosuguliwa kwa mkono. Aliyeyaokota hakuweza kukisia kwamba babu wa mababu zake alikata mtumbwi kwa jiwe, hivyo akayapa mbingu kazi ya binadamu. Kosa hilo lilikuwa pia Ulaya, ambako wanazuoni na wakulima waliamini vivyo hivyo kwa mawe ya aina ile ile.

Habari nyingine ya namna hiyo ilitoka Bali, ambako Rumphius hakufika. Aliambiwa kwamba katika kijiji cha Pejeng kuna gurudumu la shaba lililoanguka kutoka mbinguni, na kwamba ni gurudumu la mwezi. Ngano ya wenyeji yasema lilinasa mtini likang'aa usiku kucha, mpaka mwizi mmoja, aliyechukizwa na mwanga ule, akapanda ili auzime, naye akafa papo hapo. Rumphius aliiandika habari hiyo, na hayo ndiyo maandishi ya kwanza ya Ulaya kuhusu ngoma ya shaba ya Pejeng. Kitu hicho kingalipo hekaluni, kimesimama kimo cha karibu mita 1.9, na wachunguzi wa mambo ya kale wanakihesabu kuwa ngoma kubwa kuliko zote za jinsi yake zilizobaki, iliyosubiwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kama Rumphius angeikataa habari ile kwa kuwa haiingii akilini, ngoma isingeingia kitabuni. Aliipokea pamoja na mwezi wake na mwizi wake, na waliokuja baadaye wakaweza kupembua.

Lakini kuna habari moja aliyoipokea ikampoteza, nayo yaihusu bahari hii ya magharibi. Kwa karne nyingi mawimbi yalikuwa yakitupa kwenye fukwe za Maldivi, na mara chache mpaka Java, nazi kubwa mno yenye umbo la nyonga za binadamu. Hakuna aliyeujua mti wake. Wafalme waliinunua kwa dhahabu wakiamini kwamba kikombe kilichochongwa kwa kifuu chake huondoa sumu. Wamalayu waliiita kelapa laut, nazi ya bahari, na masimulizi yao yakasema mti wake umesimama ndani ya bahari ya kusini, palipo na mkondo unaomeza vyombo, na juu yake ndege mkubwa amejenga kiota. Rumphius aliyapima masimulizi hayo na hoja zilizopingana nayo, kisha akaamua kwamba nazi hii haikuanguka baharini kutoka nchi kavu, bali ni tunda la mti unaoota baharini kwenyewe, mti ambao jicho la mtu halijauona. Akaliweka katika kitabu chake cha 12, pamoja na matumbawe na miti mingine ya maji.

Mti wenyewe ulikuwa Shelisheli, mashariki ya pwani ya Afrika, katika kisiwa cha Praslin na kile kidogo cha Curieuse kilicho jirani yake. Wafaransa waliutambua huko mwaka 1768. Ni mti wa nchi kavu, wa jamaa ya mitende na minazi, na mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote za mimea duniani. Nazi mbichi ya mti huo ni nzito, huzama. Inayoelea ni ile iliyooza ndani. Ndiyo maana aliyeiokota ufukweni hakuweza kuiotesha, na fumbo likadumu. Kila iliyofika ilikuwa imekwisha kufa njiani, wala haikuweza kutoa ushahidi juu ya kwao.

Makosa ya namna hiyo yafaa kutazamwa kwa makini kabla ya kuyacheka. Rumphius alikosea kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwuliza: Praslin ilikuwa haina watu. Palipokuwa na watu, kwa samaki wa pwani, kwa dawa za kijijini, kwa miti ya kujengea vyombo, aliona mbali kuliko maprofesa waliokuwa na macho mawili na maktaba. Elimu yake ilikuwa imara pale ilipokuwa na wenyewe, na ilitangatanga pale ilipokosa mwenyeji. Kosa lake kubwa, basi, lathibitisha kwamba nguvu ya kitabu chake ilikuwa ni watu.

Kwa Kampuni iliyomlipa, elimu hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Mwaka aliofika Ambon, vita vilikuwa vikiendelea katika rasi ya Hoamoal, na chanzo chake kilikuwa karafuu. Kampuni ilitaka karafuu zote za dunia zipitie ghalani mwake. Ili kulipata hilo, iliamua mikarafuu ibaki Ambon na visiwa vichache vya karibu, na kwingineko ikatwe. Misafara ya makasia iliyoitwa hongi ilizunguka visiwani, wenyeji wenyewe wakilazimishwa kupiga makasia, kwenda kuikata miti ya jirani zao. Watu wa Hoamoal waliobaki walihamishwa mwaka 1656, na nchi yao ikaachwa tupu. Rumphius alikula mshahara wa Kampuni hiyo, na katika kitabu chake akaeleza mkarafuu tangu jani mpaka kikonyo, kwa uangalifu wa mtu anayeupenda. Haki haina budi kuyasema yote mawili.

Mali bila daftari hupotea bila habari, husema watu wa mwambao. Kampuni ilikuwa na daftari, lakini ilitaka daftari lisomwe na yeye tu. Tarehe ya Ambon aliyoiandika Rumphius iliwekwa kuwa siri, na haikuchapwa mpaka mwaka 1910. Kitabu cha mimea kilipatwa na misiba mingine kwanza. Tarehe 11 Januari 1687 moto uliunguza mji wa Ambon, ukateketeza maktaba yake na michoro iliyokusanywa kwa miaka mingi, sehemu yake ikiwa imechorwa na mkono wake mwenyewe wakati angali akiona. Mchoro hauwezi kuimliwa upya. Wachoraji wengine walitafutwa, mwanawe Paulus Augustus akiwa mmoja wao, wakaanza tena mti kwa mti. Mwaka 1692 vitabu sita vya kwanza vilipakiwa katika meli ya Waterland kwenda Uholanzi; Wafaransa wakaizamisha. Kazi ya nusu ya umri ingelikuwa imekwisha hapo, ila Johannes Camphuys, gavana mkuu wa Kampuni huko Batavia, aliyekuwa mpenzi wa mimea, alikuwa ameamuru nakala iandikwe kabla ya meli kuondoka. Makarani waliokesha wakinakili kurasa hizo hawatajwi, na bila ya kalamu zao leo pasingekuwa na cha kusoma.

Vitabu vilipofika Uholanzi vilikaa. Kwanza mabwana wa Kampuni walihofia siri zao, kisha hakuonekana mchapaji wa kuubeba mzigo wa gharama. Kitabu cha vitu vya ajabu kilitangulia, kikachapwa Amsterdam mwaka 1705, miaka mitatu baada ya mwandishi kufa. Kile cha mimea kilisubiri mpaka profesa Johannes Burman wa Amsterdam alipokishughulikia, kikatoka katika juzuu sita kati ya mwaka 1741 na 1750, Kiholanzi na Kilatini bega kwa bega. Makombe yake mwenyewe hayakubaki naye hata uhai wake: mkusanyiko wake ulichukuliwa mwaka 1682 kwa ajili ya mtawala wa Florence, Cosimo wa Tatu wa ukoo wa Medici, naye aliachana nao kwa shingo upande. Chuo cha wadadisi wa maumbile huko Ujerumani kilikuwa kimemfanya mwanachama mwaka 1681 na kumpa lakabu ya Pliny wa Indi. Heshima hiyo ilikuwa ya haki, ingawa Pliny wa Roma alikusanya zaidi kutoka vitabuni, na huyu alikusanya zaidi kutoka vinywani.

Siri ya karafuu nayo haikudumu. Mwaka 1770 Wafaransa, kwa juhudi za Pierre Poivre, walifanikiwa kupeleka miche na mbegu za magendo hadi Mauritius. Kutoka huko mkarafuu ulifika Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja, kisha Pemba. Mti uliokatwa Hoamoal ili uwe wa bwana mmoja ukaja kupandwa upya na bwana mwingine, na mashamba yake yakalimwa kwa jasho la watumwa mpaka utumwa ulipofutwa rasmi Unguja mwaka 1897. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba iliyonusurika ikawa kisiwa cha karafuu. Harufu inayosikika majamvini wakati wa mavuno huko Pemba ni ile ile iliyosikika ghalani Hila, na historia yake ina mashaka ya aina ile ile.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden alipotoa kitabu chake cha kupanga majina ya mimea yote, aliyafuta majina mengi ya waliomtangulia kwa kuwa yalikuwa marefu au yamegongana. Jina la Susanna alilibakisha. Kati ya mamia ya watu waliomwonyesha Rumphius majani, walioshika mkono wake aliposhindwa kuona, waliomletea kome kutoka kwenye miamba na kumwambia jani hili ni la homa na lile ni la sumu, yeye ndiye aliyepata kuandikwa kwa jina.

Wengine wamo kwa njia nyingine. Wamalayu wa Ambon walimwambia kwamba mti wa pwani wenye majani marefu ya miiba huitwa pandan, naye akaandika Pandanus. Walimwambia mti wa kokwa tamu huitwa kenari, naye akaandika Canarium. Majina hayo mawili yamebaki katika elimu ya mimea mpaka leo, kila mahali miti hiyo inapoota. Mkadi wa mwambao, unaosimama kwa mizizi yake ya juu karibu na maji, ni Pandanus. Yeyote alisemaye jina hilo, Unguja au Ulaya, anarudia jibu ambalo mtu asiyejulikana alimpa mgeni aliyemwuliza, katika ufukwe wa Hila.